“Get”: neno dogo la Kiingereza kati ya Butembo na Guangzhou

BUTEMBO – Anayepita katikati ya mji siku ya soko anaona viatu, vitenge, taa za jua, simu na vipuri vya pikipiki vimepangwa hadi barabarani. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo imetoka China. Asichokiona ni maneno yaliyozileta. Kabla kontena halijafungwa kule Guangzhou au Yiwu, kuna mtu wa Butembo au wa Beni ambaye ameandikiana na Mchina kwenye simu kwa siku nyingi. Lugha waliyotumia si Kifaransa, si Kiswahili wala si Kichina. Ni Kiingereza, lugha ambayo wote wawili wameiazima.

Katika Kiingereza hicho kuna kitenzi kimoja kinachorudi karibu kila siku: “get”. Kina herufi tatu tu, na mtoto wa shule anakisoma bila shida. Lakini kwa Mchina anayejifunza Kiingereza ni kitenzi chenye milango mingi, na kwa mfanyabiashara wa hapa kinaweza kumfanya mtu akose meli.

Ni vizuri kukumbuka kwanza jinsi Kiingereza kilivyoingia katika biashara ya mji ambao shule zake zinafundisha kwa Kifaransa. Bidhaa za China zinazokuja Butembo hushuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Zile za Mombasa zinapita Malaba, Kampala na Kasese, kisha zinavuka mpaka Mpondwe na kuingia Kasindi, halafu Beni na Butembo. Kifaransa kinasimama pale Kasindi. Ng’ambo ya mpaka kuna Wakonzo, ndugu zetu ambao Mnande anaelewana nao bila mkalimani, lakini wao walisomeshwa kwa Kiingereza. Kuanzia hapo hadi baharini, karatasi za mzigo zinaandikwa kwa Kiingereza.

Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kwenda mbali. Mtafiti Timothy Raeymaekers ameandika kuhusu biashara yao katika kitabu kilichotoka mwaka 2014. Kwa miaka mingi matajiri na mama wa soko wamepanda ndege Entebbe, wakabadilisha Addis Ababa au Nairobi, wakafika Guangzhou. Huko wanajua mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli kuliko wanavyojua Kinshasa. Wengine hupanga safari yao wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1957, mara mbili kwa mwaka.

Dukani, maneno hayakuwa na kazi kubwa. Mwanaisimu wa Ghana, Adams Bodomo, ambaye amewachunguza Waafrika wa Guangzhou, anaeleza namna biashara inavyofanywa kwa mashine ya kuhesabia. Mchina anaandika bei, Mwafrika anafuta na kuandika yake, Mchina anatikisa kichwa, wanaendelea hivyo mpaka wakubaliane. Kidole kinaonyesha kiatu, mkono unaonyesha idadi. Ukiongeza “my friend” na tabasamu, inatosha.

Mwezi Machi 2020 China ilifunga mipaka yake kwa wageni wengi kwa sababu ya Korona, na ilikaa karibu miaka mitatu kabla ya kuifungua tena Januari 2023. Biashara haikufa. Ilihamia kwenye simu. Na hata baada ya mipaka kufunguliwa, wengi waliona kwamba tiketi na viza ni gharama kubwa, wakaendelea kuagiza wakiwa nyumbani. Lakini ujumbe wa simu hauna kidole wala hauna mkono. Kila kitu kimebaki juu ya maneno, na hapo ndipo “get” ilipopata nguvu.

Mama mmoja muuza viatu wa mtaa wa Kimemi anaijua nguvu hiyo. Mwaka mmoja aliagiza viatu vya wanafunzi ili viwe dukani kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa. Alifuata utaratibu ambao wengi wanaufuata: asilimia 30 ya bei kwanza, na asilimia 70 mzigo ukiwa tayari. Fedha ya pili aliitoa katika likelemba. Zamu haikuwa yake, lakini wenzake walimwachia kwa sababu walijua viatu vya shule vinauzika. Kontena lilikuwa la watu wengi pamoja, na wakala aliyelipanga alikuwa amesema lingefungwa Jumapili.

Baada ya kulipa, muuzaji, msichana wa Kichina wa Guangzhou, alimwandikia kwa Kiingereza: “Money get. Friday you get goods.” Mama alisoma, akashukuru Mungu. Alielewa kwamba fedha imefika na kwamba Ijumaa mzigo utaletwa kwenye depo ya wakala. Ijumaa ikapita. Muuzaji hakuleta mzigo popote, wala wakala hakwenda kuuchukua. Mama aliandika swali lake jioni ya Jumamosi, akiwa ametoka sokoni. Wakati huo Guangzhou ilikuwa ni usiku wa manane, maana wao wako mbele yetu kwa saa sita. Aliposoma jibu Jumapili, kontena lilikuwa linafungwa.

Viatu vilikuja na kontena lililofuata. Vilifika Butembo watoto wakiwa wameshaanza kusoma na wazazi wameshanunua kwingine. Aliviuza pole pole, kwa bei ambayo haikumwachia faida, huku mama wawili wa likelemba wakingoja fedha zao. Mmoja wao alikuwa na mtoto wa kulipia chuo kikuu. Hakuna aliyegombana, lakini walipokutana kanisani salamu zilikuwa fupi.

Mama alikwenda kwa mwalimu anayefundisha Kiingereza jioni, akiwa na simu mkononi.

“Mwalimu, soma hapa. Huyu mtoto wa Kichina amenidanganya.”

Mwalimu alisoma mara mbili. “Mama, hajakudanganya. Aliandika kile alichokuwa nacho kichwani, na wewe ukasoma kile ulichokuwa nacho kichwani.”

Alimwomba mama ruhusa, akamwandikia msichana yule na kumwomba aandike kwa Kichina kile alichotaka kusema siku ile. Jibu lilikuja na maneno mawili ambayo ukiyaandika kwa herufi zetu ni “na huo”. Maana yake ni kuchukua mzigo. Wauzaji wa jumla wa China wanayatumia kila siku: mteja anakuja kuchukua mzigo wake. Kwa hiyo muuzaji alimwambia mama kwamba kuanzia Ijumaa mzigo uko tayari, aje mtu auchukue. Mama alisikia kwamba Ijumaa ataletewa. Na neno “get” linakubali yote mawili. Mwingereza anaweza kulitumia kwa kupokea kitu kilicholetwa, na pia kwa kwenda kukichukua mwenyewe.

Shida ya Mchina na neno hili inaeleweka ukijua namna lugha yake inavyogawa kazi. Kichina sanifu hakina kitenzi kimoja kinachobeba yote haya. Kupokea kitu kilichotumwa ni “shoudao”. Kupata kitu ulichokitafuta ni “dedao”. Kununua ni “mai”. Kushika au kuchukua kwa mkono ni “na”. Kufika ni “dao”. Kuelewa ni “dong”. Kugeuka kuwa kitu kingine ni “bian”. Kila kazi ina mtu wake. Halafu mwanafunzi anafungua kamusi ya Kiingereza na kuambiwa kwamba kazi hizo zote zinaweza kufanywa na “get”. Ni kama mtu aliyezoea jikoni lenye kisu, mwiko, upawa na kijiko, kisha anapewa kifaa kimoja na kuambiwa apikie hicho.

Kuna jambo jingine. Mchina anajali sana kama tendo limefika mwisho wake. “Mai” ni kununua, lakini “mai dao” ni kununua na kufanikiwa kukipata. Ile “dao” ya mwisho, neno lile lile la kufika, inamwambia msikilizaji kwamba mkono umekifikia kitu. “Get” ya Kiingereza haionyeshi hivyo. Mwanafunzi anaweza kuandika “I get” akiwa na maana kwamba anatafuta, au kwamba ameshapata.

Na wakati? Hapa ndipo mtu wa Kiswahili anapoanguka. Kitenzi chetu kinabeba wakati tumboni mwake. Tunasema napata, nimepata, nilipata, nitapata, na msikilizaji haulizi tena. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. Wakati unakaa nje yake, katika maneno kama jana au kesho, na kuna neno fupi, “le”, linaloonyesha kwamba jambo limetimia. Mchina anapoandika “I get money” hajisikii kuwa ameacha kitu. Mtu wetu akisoma anakiweka ndani wakati anaoutamani yeye. Mwenye haraka anasoma “nimepata”. Mwenye wasiwasi anasoma “sijapata, nangoja”.

Mwalimu alimwonyesha mama kwamba Kiswahili chenyewe kinatupa njia ya kuingia, kwa sababu nasi tuna kitenzi chetu chenye milango mingi: kupata. Mtu anapata kazi, anapata mtoto, anapata homa, anapata hasara. Kwenye simu tunasema “nimekupata”, tukiwa na maana kwamba tumesikia na tumeelewa. Mwingereza naye anasema “I get you”, karibu vile vile. Kwa hiyo mtu wa Butembo ana faida ambayo Mchina hana: amezoea tangu utotoni neno moja linalofanya kazi nyingi.

Lakini faida hiyo ina mpaka, na mwalimu aliuchora ubaoni. Usitafute maana ya “get” ndani ya neno lenyewe, alisema. Tazama kinachokuja baada yake.

Kikifuata kitu, maana yake ni kupata, kupokea, kununua au kuchukua. Hapo ndipo penye hatari kwa mfanyabiashara. Kikifuata mahali, maana yake ni kufika: lori limefika Kasindi, kontena limefika Mombasa. Likifuata neno la sifa, maana yake ni kuwa au kugeuka: vitu vinalowa, bei inakuwa kali, mtu anakasirika. Kiswahili hapo hakisemi kupata, kinabadilisha kitenzi kabisa. Likifuata tendo lililokwisha, maana yake ni kutendewa: kulipwa, kuibiwa, kukwama kwenye matope. Na wakifuata watu na vitu kwa pamoja, maana yake ni kupatia. Mchina anayekuandikia “I get you good price” hasemi kwamba amekuelewa wala kwamba amekukamata. Anasema atakupatia bei nzuri. Kiswahili kinaongeza silabi moja, kupata inakuwa kupatia, na mambo yanaeleweka. Kiingereza kinapanga tu maneno kwa zamu.

Kijana mmoja wa darasa hilo, fundi wa pikipiki, aliuliza kuhusu “get lost”. Alikuwa ameandikiwa kwamba mzigo wake “will not get lost”, akaona ni sawa. Baadaye aliona kwenye sinema mtu anafukuzwa kwa maneno hayo hayo, akashangaa. Mwalimu alieleza: kwa mzigo, ni kupotea. Kwa mtu, ukimwambia peke yake hivyo, ni kumwambia atoke mbele yako. Darasa lilicheka, lakini fundi aliandika, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa karibu kumtumia muuzaji maneno hayo kuuliza kama amepotea njia.

Mambo haya yanaweza kuonekana madogo kwa mtu asiyeagiza mzigo. Kwa Butembo na Beni si madogo. Biashara ya hapa ina vikwazo ambavyo hakuna mwalimu anayeweza kuviondoa. Barabara ya Beni kwenda Kasindi imeshambuliwa mara nyingi na watu wenye silaha, na kuna nyakati magari yalilazimika kwenda kwa msafara wa jeshi. Kivu ya Kaskazini na Ituri zimewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kabla ya hapo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilikaa katika miji hii miwili na vijiji vyake. Mwenye lori anahesabu mvua, anahesabu mpaka, anahesabu usalama. Akiongeza wiki tatu alizopoteza Guangzhou kwa sababu ya neno, anakuwa amejiongezea mzigo ambao angeweza kuuepuka.

Ndiyo maana mwalimu haanzi tena na orodha ya maana ishirini. Anawafundisha wanafunzi wake kuliondoa “get” katika ujumbe wa fedha na mzigo, na kuweka neno lenye maana moja. Fedha ikifika, waandike “received” na tarehe. Mzigo ukiletwa na muuzaji, waandike “deliver” na jina la depo. Ukihitaji kwenda kuchukuliwa, waandike “collect” na jina la atakayekwenda. Na Mchina akiandika “get”, hata akiwa rafiki wa miaka kumi, wamuulize maswali matatu kabla ya kulala: Nani anakwenda kwa nani? Siku gani na tarehe gani? Imeshafanyika au bado? Maswali hayo yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza cha darasa la kwanza.

Wengine wanasema kuna programu za kutafsiri, hakuna haja ya kusoma. Zinasaidia, na mama wa viatu anazitumia. Lakini programu inatafsiri maneno iliyopewa. Ikipewa “you get goods”, itachagua maana moja na kuiandika kwa Kifaransa kizuri, bila kumwambia msomaji kwamba kulikuwa na maana nyingine. Anayesoma Kifaransa hicho kizuri ana uhakika kuliko yule aliyesoma Kiingereza kibovu, na uhakika huo unaweza kumgharimu.

Ni haki pia kumtazama msichana wa Guangzhou. Naye ni mtu anayetafuta maisha. Kiingereza alikijifunza shuleni, kwa kuandika mitihani zaidi kuliko kwa kuongea, na alipoanza kazi dukani alikutana na Kiingereza cha Lagos, cha Kampala na cha Butembo kwa siku moja. Mnigeria anamwambia “I get” akiwa na maana kwamba anacho tayari. Mganda anamwandikia kitu kingine. Kisha mama wa Kongo anamlaumu kwa neno ambalo aliona ameliandika sawasawa. Alipoelewa kilichotokea aliomba radhi, na kwa agizo lililofuata alilipia mwenyewe usafiri wa kutoka dukani hadi depo. Haikurudisha hasara ya viatu, lakini mama aliendelea kununua kwake.

Msichana huyo alimwuliza mwalimu jinsi ya kusema “get” kwa Kiswahili. Mwalimu alimwandikia kupata, kisha kupatia, kupatikana na kupatana, na mfano wa kila moja. Alieleza kwamba sokoni kwetu mteja na muuzaji wakijadiliana bei tunasema wanapatana bei. Msichana alijibu kwamba Kiswahili ni kigumu, akaweka alama ya kucheka. Tangu siku hiyo mama anapoomba punguzo, anaandikiwa kwa herufi za Kiswahili: “Mama, tupatane.”

Kwa sasa vijana wengi wa Beni na Butembo wanatafuta masomo ya Kiingereza, hasa tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo imekubali Kiswahili na Kifaransa pia, lakini karatasi za forodha na za wasafirishaji bado zimejaa Kiingereza. Wanaoagiza mzigo wa sikukuu za mwisho wa mwaka wanajua kwamba meli kutoka China inachukua wiki kadhaa, na barabara inaongeza zake. Aliye na ujumbe wa “get” kwenye simu yake ambao hakuuliza maana yake, afadhali aulize leo, kabla depo ya Guangzhou haijafungwa. Mchana wetu ni jioni yao.